Siri ya Watu Mia Mbili na Kumi na Wanne

Wiki nzima mmenitukana. Mmoja kaniandikia kwamba hapati usingizi kwa ajili yangu, mwingine kwamba mkewe hamsemeshi mpaka ajue Mwalimu alijibu nini. Haya, shikeni pumzi. Turudi kwenye kiti cha nyuma cha lile gari jeupe, saa nane na robo usiku, katika nchi ambayo Mwalimu na mama yake hawajui hata namba ya polisi.

Ujumbe ulikuwa bado unawaka kwenye simu.

"Mimi ndiye dereva niliyetumwa na mdogo wako. Nipo mlango wa wanaowasili, nimeshika bango lenye jina lako. Hakimu. Huyo uliyepanda gari lake ni nani?"

Mwalimu aliusoma mara tatu. Kisha akatazama kisogo cha mtu aliyekuwa akiendesha, yule wa kofia ya sufi. Huyu naye alisema "Hakimu" pale uwanjani. Alilisema akicheka, kwa lugha ya nyumbani, akawapokea mizigo kabla hawajamaliza kusalimiana, hata mkoba wa mkononi wa Mama akautia kwenye buti.

Madereva wawili, neno moja la siri. Mmoja wao ni mwongo, na Mwalimu alikuwa na wasiwasi mkubwa kwamba mwongo ndiye aliyeshika usukani.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo: Mama ana moyo mbovu. Kilango kimoja cha moyo hakifungi. Hospitali ya mji huu wa ugenini imekubali kumpasua, na anatakiwa aripoti saa mbili asubuhi. Akikosa, nafasi yake inakwenda kwa mwingine na yeye anarudi mwisho wa foleni, miezi minane. Daktari wa nyumbani alimvuta Mwalimu pembeni akamwambia moyo ule hauna miezi minane.

Mdogo wake Mwalimu, mwokaji mikate, ndiye aliyewatafutia dereva, maana yeye yuko zamu ya usiku na tanuri halimsubiri mtu. Akaweka na swali la siri ili wasije wakapanda gari la jambazi: paka wa bibi alikuwa anaitwaje? Mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba Mwalimu alikumbuka Kadhi na Mama akakumbuka Hakimu. Mama, kwa kutaka uhakika, akamuuliza shangazi. Shangazi, kwa kutaka uhakika zaidi, akauliza kwenye kundi la ukoo.

Ubishi ulichukua usiku mzima. Wengine walisema paka alikuwa mweusi, wengine wakaapa alikuwa na madoa. Mwishowe shangazi akafunga mjadala: "Ni HAKIMU. Dereva akitaja Hakimu, wapande gari. Ndege inatua saa saba usiku. Tuwaombee." Kundi lile lina watu mia mbili na kumi na wanne, wakiwemo mashemeji walioachika na fundi aliyemjengea bibi choo miaka sita iliyopita, ambaye hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa.

Hiyo ndiyo siri yenyewe.

"Mbona kimya huko nyuma?" Kofia aliuliza. "Mmechoka?"

"Safari ndefu," Mwalimu akajibu. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mmoja wa watoto wake wa chekechea. Na hao watoto, kila Jumatatu, huwafundisha kuimba kwamba gari la usiyemjua halipandwi.

Alimpigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata. Alikumbuka: simu za waokaji hufungiwa kabatini mpaka mapumziko ya saa tisa.

Akamwandikia yule wa ujumbe: "Tusaidie. Tuko barabarani na mtu tusiyemjua."

Jibu likaja hapo hapo: "Usioneshe umejua. Mfanye asimame kituo chochote cha mafuta. Nakuja nyuma yenu."

Mama alikuwa ameegemea bega lake, macho ameyafumba. Mwalimu alitaka kumwambia, lakini kwa lugha gani? Kofia alikuwa anaijua lugha yao vizuri kuliko mtangazaji wa redio. Akaandika kwenye simu kwa herufi kubwa, USISEME KITU, HUYU SIYE DEREVA WETU, akamgusa Mama, akamwekea simu mapajani.

Mama akafumbua macho. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Mwanangu, sina miwani," akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Nisomee, inasemaje?"

Jicho la Kofia likaruka kwenye kioo cha katikati.

"Ni shangazi, Mama. Anauliza kama tumefika."

"Mwambie atuache tupumue."

Kofia akacheka. Mwalimu akajilazimisha kucheka pia. Gari liliacha barabara kubwa yenye taa, likaingia nyingine yenye maghala pande zote mbili, mageti yamefungwa, hakuna mtu hata wa dawa.

"Hospitali iko huku?"

"Njia ya mkato, dada. Mimi mji huu naujua kama nyumbani kwangu."

Labda ni kweli, Mwalimu alijiambia. Labda mwongo ni yule wa ujumbe. Alihitaji kumpima huyu mtu kwa jambo ambalo halikuwahi kuingia kwenye kundi la ukoo. Alifikiri, akafikiri, akagundua jambo la kutisha: hakuna. Kila homa, kila mimba, kila ugomvi wa mashamba, kila picha ya sahani ya chakula imo mle.

Lilibaki moja tu.

Miezi minne iliyopita, mashine ya kukandia unga ilichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mdogo wake. Waliapiana, dada na kaka, kwamba Mama hatajua mpaka apasuliwe na apone. Kitinda mimba wake! Habari ile ingemmaliza kabla ya kisu cha daktari. Kwa hiyo hawakumwambia mtu yeyote. Lakini aliyekutana na mwokaji uso kwa uso lazima ajue, maana siku hizi anasalimia kwa mkono wa kushoto, na huanza kwa kuomba radhi.

Aulize vipi, na Mama yuko begani?

"Kaka," akamwambia dereva polepole, "ulipoonana na mdogo wangu, mlipeana mikono?"

"Ah! Sana!" Kofia akapiga usukani kwa furaha. "Ule mkono wake wa kulia ni balaa. Mkono wa kukanda unga ule! Nusura anivunje vidole."

Mtu huyu hakuwahi kumwona mdogo wake hata siku moja.

Aliona aibu kwa hofu iliyompata. Alitaka kulia, alitaka kujisaidia, alitaka kufungua mlango aruke, akakumbuka mwenye moyo mbovu hawezi kuruka. Akagusa kitasa hata hivyo. Kilikuwa kimefungwa kutoka mbele.

Hapo Mama akajishika kifua.

"Yalaa," akasema. "Yalaa, mwanangu."

"Mama! Mama, nini?"

"Kinabana. Hewa..." Mwili ukamlegea, kichwa kikaanguka upande wa dirisha.

"Simamisha gari!" Mwalimu alipiga kelele, na safari hii hakuwa anaigiza kitu. "Dawa zake ziko kwenye mkoba, ziko kwenye buti! Simamisha, atakufa!"

"Asinifie humu ndani!" Kofia naye alipaza sauti. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Ngoja, kuna kituo cha mafuta hapo mbele. Shika kichwa chake, bwana!"

Taa za kijani zikatokea. Kofia alikata kona kwa fujo, akasimama kando ya pampu. Mwalimu alimtoa Mama kwa kwapa, miguu ikiburuta, akamkalisha kwenye kizingiti cha duka. Kisha akakimbilia buti.

"Fungua."

Kofia alisita, halafu akafungua.

Mkoba ulikuwa pembeni. Mwalimu aliunyakua, na katika kuunyakua akaona vilivyokuwa chini yake. Masanduku manne yasiyokuwa yao, kila moja na karatasi ya ndege kwenye mpini. Juu yake kibegi cha mtoto, cha rangi ya waridi.

Wenyewe wako wapi?

Kofia akabamiza buti. "Umeona nini?"

"Dawa," Mwalimu akasema. "Nimeona dawa."

"Dakika mbili. Halafu wote ndani ya gari." Akasogea nyuma ya pampu, akawapa mgongo, akaanza kuongea kwenye simu kwa sauti ya chini.

Duka la kituo lilikuwa na mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa fulana ya kazi. Usiku mlango haufunguliwi, mauzo hupitia kwenye droo ya chuma chini ya kioo. Mwalimu aligonga. Akasema kwa lugha yake, akasema kwa kile kidogo alichokijua cha lugha ya pale, akaweka kidole gumba sikioni na kidole kidogo mdomoni: piga simu, tafadhali, polisi! Mhudumu alimtazama, akageuka rafuni, akamwonesha chaja.

"Siyo chaja!" Mwalimu alitaka kujipasua. Akaonesha Mama, akaonesha mdomo. Hilo mhudumu alilielewa. Kikombe cha maji kikaja kwenye droo.

Mwalimu alipiga magoti, akaweka kidonge kwenye kiganja cha Mama. Mama akakimeza. Halafu akafumbua jicho moja.

"Ameondoka?"

Mwalimu aliganda. "Mama... ulikuwa unaigiza?"

"Ulitaka niendelee kulala mpaka tufikishwe machinjioni? Nilimwona tangu alipokata ile kona. Hospitali gani haina hata kibao kimoja njiani?" Akamshika mwanawe mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Sasa wewe niambie. Mikono ya mwanangu ina nini?"

"Mama, siyo sasa."

"Uliuliza mikono, yule akajibu kulia, wewe ukaacha kupumua. Bega lako nilikuwa nimelilalia mimi. Usinifanye mtoto wa chekechea."

Kofia alikuwa bado anaongea na simu, mgongo kwao, mguu mmoja ukipigapiga sakafu.

"Mashine," Mwalimu akanong'ona. "Ilimkata vidole."

"Vingapi?"

"Vitatu. Vya kulia. Alipona, Mama, nakuapia alipona, na kazini amerudi."

Mama hakulia.

"Kila picha anaweka mkono mfukoni," akasema. "Nikawa najiambia, ni baridi ya huko."

Halafu akashika kifua tena, na safari hii hakusema yalaa. Midomo ilimgeuka rangi, pumzi ikawa inaingia kwa vipande. Mwalimu, aliyekwisha kuona mchezo wake mara moja, alijua kwa kumtazama tu kwamba mchezo umekwisha. Ni mimi, akawaza. Ni mimi na mdomo wangu.

Akaandika haraka: "Kituo chenye taa za kijani, kati ya maghala. Mama anazidiwa. Njoo."

"Haya, ndani!" Kofia alikuwa amesimama juu yao. Akamkamata Mama mkono. "Sirudii mara mbili."

"Muache! Anaumwa!"

"Ndani, nimesema!"

Mwalimu alimrukia. Katika maisha yake hajawahi kumpiga hata mtoto mtukutu, lakini alimng'ata Kofia kwenye kifundo cha mkono mpaka akasikia ladha ya chumvi. Kofia akapiga yowe. Na hapo hapo honi ikalia, mwanga mkali ukawafunika wote watatu, gari la bluu likaingia kituoni kwa kasi.

Kofia hakungoja kujua ni nani. Alikimbilia gari lake, akaliondoa mlango ukiwa wazi, na masanduku ya Mwalimu ndani.

Kutoka gari la bluu akashuka mtu wa shati lililonyooshwa vizuri, na mkononi ana bango. Jina la Mwalimu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene, halina kosa hata la herufi.

"Mungu wangu, mpo wazima!" akasema. "Nimeendesha kama kichaa. Mama vipi? Shikamoo, mama."

Mama aliinua kope tu.

"Simama hapo hapo," Mwalimu akamwambia. Safari hii sauti aliipata. "Usisogee. Kwanza unijibu. Ulipoonana na mdogo wangu, mlipeana mikono?"

Mtu yule akamtupia Mama jicho. Akashusha bango, akashusha na macho.

"Alinipa wa kushoto," akasema kwa upole. "Wa kulia si unajua mwenyewe, Mwalimu."

Mwalimu alilia. Alilia pale pale mbele ya pampu kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, kamasi na machozi pamoja, na dereva akageuza uso kwa heshima mpaka alipomaliza. Kisha wakamwinua Mama wawili, polepole, wakamkalisha kiti cha nyuma, dereva akimwekea koti lake chini ya shingo.

"Dakika kumi tu, tuko mapokezi," akasema. "Wana oksijeni pale mlangoni. Chukua mkoba twende."

Mkoba ulikuwa umebaki kwenye kizingiti cha duka. Mwalimu akarudi kuuchukua, akaweka kikombe kwenye droo, akamwinamia mhudumu kumshukuru.

Mhudumu hakupokea kikombe. Alikuwa amesogea mpaka pua ikagusa kioo. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye njia aliyokimbilia Kofia, kisha kwenye gari la bluu. Akainua vidole viwili, akavibananisha pamoja, akavitikisa.

"Sielewi, mama," Mwalimu alisema. "Ahsante. Ahsante sana."

Simu ikalia. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

"Dada!" Nyuma ya sauti ya mwokaji kulikuwa na mngurumo wa tanuri. "Dada, mko wapi? Nimekuta simu saba, yako na za dereva. Dereva yuko uwanjani tangu saa saba, ananiambia hajawaona!"

"Tuko naye hapa. Ametukuta. Tulipata balaa, nitakueleza, lakini sasa tuko naye, usiogope."

"Naye nani? Nimekata simu yake sasa hivi. Yuko mlango wa wanaowasili. Nimemsikia mpaka vipaza sauti vya uwanja."

Mwalimu akageuka. Mtu wa shati lililonyooshwa alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya usukani. Injini ilikuwa inanguruma.

"Huyu anakujua," Mwalimu akasema kwenye simu. "Nimempima. Nimemuuliza habari za mikono, akasema ulimpa wa kushoto."

"Mkono gani, dada? Nimpe mtu mkono lini?" Mwokaji sasa alikuwa anapiga kelele. "Yule dereva nilimpata kwa simu! Hajawahi kuniona, wala mimi sijawahi kumwona!"

Kofia nyuma ya pampu. Ile simu ya sauti ya chini: nimesema kulia, dada kashtuka, wewe sema kushoto. Swali lile lile, alilowauliza wote wawili, kwa maneno yale yale, kama mwalimu anayewapa watoto wa zamu ya mchana mtihani waliokwisha kuufanya wale wa asubuhi. Mmoja hutisha, mwingine huokoa, na mtu hupanda gari kwa miguu yake mwenyewe, akishukuru.

Barabara ya maghala ilikuwa hatua ishirini upande wa kushoto. Gizani. Mwalimu ana miaka thelathini na minne na mbio anazo. Angeweza kukimbia, na sidhani kama kuna mtu angemfikia.

Kupitia dirisha la nyuma aliona kichwa cha Mama kimeegemea koti la watu, kinywa wazi, kikitafuta hewa.

"Dada? Dada!"

"Usikate simu," akanong'ona. "Usiseme neno, sikiliza tu. Gari la bluu, namba inaishia sita, saba, moja. Mwambie dereva wako, waambie polisi. Kituo cha taa za kijani, njia ya maghala."

"Dada, usipande! Nakuomba, usipande gari hilo!"

"Mama yumo ndani," Mwalimu akasema.

Akaifunika simu kwa kiganja, ikiwa bado iko hewani, akatembea hatua kumi mpaka kwenye gari kwa mwendo wa mtu asiyejua kitu. Akafungua mlango, akakaa, akachukua mkono wa Mama akauweka kifuani pake. Milango yote minne ikajifunga kwa pamoja.

Mtu wa shati lililonyooshwa hakugeuka. Aliondoa gari taratibu, akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.

"Huyo ni mdogo wako," akasema. "Nipe simu, Mwalimu. Nimsalimie."